Mfagiaji wa Wesselgem

Kalenda hutupa bucha la Verstichel kila Desemba,
picha ya soseji juu, miezi chini,
nami huzungushia wino mwekundu Jumapili moja tu,
ile ya Aprili
mbio zinapopanda mlima wetu wa mawe.
Sisi twauita mlima. Mgeni huona kichuguu,
mpaka aupande.

Miaka ishirini na sita naufagia.
Samadi, matope, misumari,
nyasi zilizojishikiza kati ya jiwe na jiwe.
Waendeshaji hawajui kwamba naitwa Odiel.
Wanajua tu kwamba hawakuanguka.

Mwaka ule wa gonjwa barua ikaja ya manispaa:
mbio hazikufutwa, zimeahirishwa.
Nikamsomea Godelieve mara mbili.
Kufuta nakujua, ndiyo kazi yangu;
kuahirisha sijapewa fagio lake.

Nikahamisha duara, Aprili kwenda Agosti.
Barua nyingine: Agosti kwenda Oktoba.
Na huko Oktoba zote zilikimbilia,
za siku moja, za wiki tatu, za milimani, za pwani,
zikapandana kama mashati
kwenye sanduku la mtu anayehama usiku.
Wino ukaloa karatasi hadi mwezi wa nyuma.
Nikachukua penseli.

Jorre, kijana wa jirani anayelipwa kukanyaga pedali,
alijifungia gerejini na baiskeli isiyokwenda popote.
Usiku tulisikia rola zikivuma ukutani,
kilomita mia, mia na ishirini,
na asubuhi yuko palepale, amekonda,
barakoa kidevuni, akisema juu ya ua
kwamba timu imekata mshahara nusu
na nusu iliyobaki nayo imeahirishwa.

Na Gaspard.
Shemeji yangu, kaka wa Godelieve,
miaka arobaini kwenye kona ya pili
na kiti cha kukunja na uongo mmoja:
"Mmefika! Mmefika juu!"
Naye ajua, nami najua, wenyewe wajua
kwamba baada ya kona ile ndipo mlima unapotoa meno.
Wengi walimtukana, kwa lugha saba.
Mbaski mmoja alicheka hadi akakosea gia.

Alikufa tarehe kumi na saba Aprili
katika nyumba ya wazee, nyuma ya kioo.
Godelieve alimpungia mkono kutoka bustanini,
miguu ndani ya maua ya watu.
Mazishi: watu kumi na watano, mita moja na nusu kati yao.
Hayo hayakuahirishwa.

Oktoba, basi, zikaja.
Matrekta yalikuwa yakivuna viazisukari
na matope yake si ya Aprili,
ni mazito, yananata kama deni.
Nilianza saa kumi alfajiri.
Nikifagia, majani yanaanguka nyuma yangu;
nikirudi, yanaanguka mbele.
Polisi wamefunga utepe njia zote tatu.
Hakuna moshi wa soseji, hakuna mtoto begani mwa baba.
Mimi tu, koti la njano, kibali shingoni.

Kwanza helikopta. Kisha pikipiki. Kisha wao,
na kwa mara ya kwanza maishani nikawasikia:
minyororo, mate, pumzi zinazokwaruza,
mmoja akihesabu chinichini, moja mbili, moja mbili.
Kumbe miaka yote kelele zetu zilifunika haya.

Dakika mbili, wamepita.
Chupa moja imebaki mtaroni.
Zamani watoto wangeumana kwa ajili yake;
amri ya sasa: isiguswe kwa mkono, itiwe mfukoni.
Nikaiinua kwa koleo. Maji yalikuwemo bado,
yakacheza.

Ndipo akatokea wa mwisho, peke yake,
matope hadi kwenye nyusi, baiskeli ikiyumba.
Akanitazama kama mtu anayeuliza saa.
Nikashusha barakoa.
"Umefika," nikamwambia. "Umefika juu."
Akainamisha kichwa,
akaingia kona.