Kichuguu

Korosho kumi na tisa, labda ishirini na moja.
Nimezihesabu usiku, mkekani, kwa kibatari:
nikajaza kopo mpaka mdomoni, nikalipiga mkono,
kisha nikalijaza tena mpaka likaota kilima.
Tofauti ni hiyo. Konzi ya mtoto.

Kitangari, nyuma ya ghala la ushirika,
tunabangua wanawake kumi na wanne,
vidole tumevipaka majivu ili mafuta yasitubabue,
na bado yanatubabua.
Jioni Bi Nalinga huja na kopo lake la maziwa ya unga,
limebonyea ubavuni, bonyeo tunalijua kama kovu la ndugu.
Kopo moja, mstari mmoja wa mkaa ukutani.

La Fatu, anapitisha kiganja: tambarare.
La Mwanahawa: tambarare. Langu: tambarare.
La Somoe analingoja.
"Ongeza. Ongeza tena, mama."
Mpaka kichuguu kimwagike pembeni ndipo mkaa uandike.
Somoe alihamia kutoka Ruangwa, mume hana,
na kicheko chake huanza chetu kikishakwisha.

Niliona miezi mitatu nikanyamaza.
Niseme kweli: mitano.
Halafu Jumanne moja, sijui ni jua, sijui njaa,
nikasikia sauti inauliza,
"Mbona la Somoe hulipigi mkono?"
na sauti ilikuwa yangu.

Mikono ikasimama. Ganda likapasuka motoni, pa!
Bi Nalinga hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia.
Alicheka taratibu, akamgeukia mwenyewe:
"Somoe, nimekuibia?"
Na Somoe, macho kwenye majivu:
"Mimi sijasema kitu. Huyo sikumtuma."

"Basi haki iwe haki," akasema Bi Nalinga.
"Kuanzia leo makopo yote yaote kichuguu."

Hakuna aliyenitukana.
Dada yangu wa Mikindani aliniuliza, "Kwani wamekufanya nini?"
nikakosa cha kumwonyesha.
Salamu iliyokatwa mkia unaionyeshaje?
"Umeamkaje," bila "na watoto."
Ming'oko ikichemshwa sahani inazunguka,
inanifikia imebaki chumvi na maji.
Mwali wa Fatu alipotolewa, vigelegele nilivisikia nikiwa uani, nafua.
Nikajiambia mwaliko umepotea njia.
Kati ya nyumba yangu na yake kuna mpapai mmoja.

Wamenipa jina: Bi Mizani.
Watoto wao huniamkia kwalo kwa adabu kabisa,
wanadhani ndilo nililozaliwa nalo.

Msema kweli mpenzi wa Mungu, sikatai.
Ila moto ule tunauota sisi kwa sisi,
na kigoda husogezewa na mtu.

Na Somoe?
Somoe sasa hukaa katikati yao.
Kicheko chake huanza pamoja na chao,
na siku nyingine, nikipita nyuma yake kufuata majivu,
huanza kabla.
Simlaumu. Nadhani simlaumu.
Alikuwa akilipa korosho ishirini kila kopo
apate mahali pa kukaa,
nami nikaitangaza bei yake mbele za watu.

Jana Bi Nalinga aliumwa, kopo akalishika Fatu.
Likafika zamu yangu.
Akajaza. Kichuguu kikaota.
Akanitazama, akachota konzi nyingine kutoka ungo wangu,
akaiweka juu, pole pole, kama anayetia chumvi,
zikaporomoka mbili, akaziokota, akazirudisha.

Nilifungua mdomo.
Wanawake kumi na watatu wakainua nyuso.

Nikapiga mwayo.

Mkaa ukaandika: moja.