Mia Moja Kumi na Tatu

Yule kijana wa chama alitoka Perth na pikapu nyeupe,
kipima-mteremko kikining'inia shingoni, daftari lisilo na doa,
akatuuliza kantini, vikombe vya chai mikononi:
katika viwanja vitatu vya wilaya hii ya ngano,
upi mgumu?

Kila mwamba ngoma huvutia kwake,
lakini sisi, sijui zongo la nani,
kila mmoja alivutia kwake shida.

Vlado Marinovich akagonga meza: Jillabin!
Shimo la nne lavuka ziwa la chumvi.
Mpira mweupe juu ya weupe, saa saba mchana,
utautafuta hadi macho yakutoke machozi,
na ukiuona, ganda la chumvi litakubeba hatua tatu,
ya nne likumeze hadi gotini.
Mwaka juzi aliacha kiatu mle. Hajakirudia.

Dulcie Pascoe, miaka themanini na moja,
handikapu kumi na tisa, akacheka puani.
Chumvi ni chumvi, alisema, haina hila.
Njoo Kwelarin uone mikalitusi ilivyoibana njia ya sita
kama jamaa wa marehemu mlangoni siku ya kugawa mali,
na juu yake kunguru, yuleyule mmoja, anaapa,
asubiriye mpira utulie ndipo ashuke.
Ameshaiba mipira ya wajukuu wake wote.
Kijana aliuliza kama kunguru anaingia kwenye hesabu,
kisha akajijibu mwenyewe: haingii.

Mimi nilinyamaza. Mimi ni wa Moorup.

Moorup ni tambarare kama sinia.
Hakuna ziwa, hakuna mti wa kusingizia.
Mashimo tisa katika ardhi iliyochoka,
na kuzunguka kila shimo mchanga ulionyweshwa oili chafu,
mweusi, unanuka gereji.
Unagusa mpira, nao unaandika mstari mchangani,
kila mtu ausome wasiwasi wako
mpaka uvute reki na kuufuta.
Asubuhi upepo hutoka bara, alasiri hutoka pwani ya mbali;
zikikutana pepo hizo, mpira hewani hujiuliza.
Mcheza kwao hutunzwa, wanasema.
Sijawahi kutunzwa.

Na shimo la saba.
Shimo la saba lafuata ua wa shamba lililokuwa letu.
Garnet, ndugu yangu, ndiye aliyetia saini.
Miaka kumi na moja sasa, kila Jumamosi,
twacheza wawili, maana Moorup haina watu wa kuchagua,
na katika miaka hiyo tuna maneno mawili tu:
Zamu yako.
Ngano ya wageni imenawiri, siwezi kusema uongo.
Mpira wangu ukipeperuka ng'ambo ya waya
ni yeye anayeinama kupita, kuuleta.
Mimi sikanyagi.

Kijana alipima yote hayo kwa siku moja:
urefu, upana, mwinuko wa sentimita sita.
Alipofika la saba aliandika neno moja, nikachungulia:
nyoofu.
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Shimo la inchi nne na robo nalo lina maiti wake.

Wiki mbili baadaye karatasi ilibandikwa ukutani.
Jillabin, mia moja ishirini na moja; Vlado alinunulia watu bia.
Kwelarin, mia moja kumi na nane; Dulcie alimlaani kunguru kwa uzembe.
Moorup, mia moja kumi na tatu,
ambayo maana yake, maandishi madogo yalieleza, ni kawaida.

Garnet aliisoma akiwa amevaa kofia.
Hakusema kitu mpaka tulipofika la saba,
jua usoni, ngano ikiguguna kando ya waya.
Alivuta reki, akaufuta mstari wangu
polepole, kuliko ilivyohitajika.
Hukumwambia, alisema.

Nilitazama mchanga, mweusi, hauna hata alama.
Zamu yako, nikasema.