Saba na Kidogo

Kiwandani Vingunguti, nyuma ya jengo la sabuni,
kuna tangi la zege ambalo mgeni haletwi kuliona.
Humo hukutana maji ya kuoshea mitambo,
leo yana magadi, kesho yana asidi,
keshokutwa yana vyote na povu juu,
na yote yanataka kwenda Msimbazi.

Kazi yangu ni moja: yasitoke mpaka yafike saba.
Saba si chachu, si chungu.
Saba ni maji yaliyosahau yalikopitia.

Nilikuja na hesabu za chuoni,
nikaandika namba tatu ndani ya kidhibiti.
Ya kwanza hulitazama kosa la sasa na kulipiga papo hapo.
Ya pili haisamehe, hujumlisha kila kosa tangu asubuhi
kama mwenye duka na daftari la mkopo.
Ya tatu hunusa mwendo, hulia kabla ya kuchapwa.
Nikabonyeza. Nikakunja mikono.

Dakika ya tatu mstari ukapanda hadi kumi na moja.
Valvu ya asidi ikafunguka yote, kama mtu aliyetukanwa.
Mstari ukaanguka hadi tatu.
Magadi yakaja mbio.
Kumi. Tatu na nusu. Kumi na kitu.
Pampu mbili zikishindana,
moja ikitapika kilichomezwa na nyingine,
na bili ya kemikali ikipanda kama mita ya teksi kwenye foleni ya Tazara.

Restituta Mlowe, opereta wa shifti ya usiku,
alitazama skrini, akatazama viatu vyangu.
"Injinia, wewe nyumbani unapika?"
Sikujibu.
"Ndimu kwenye mchuzi. Tone la kwanza, hamna kitu.
La pili, hamna. La tano, hamna, unaanza kumlaumu muuza ndimu.
La sita, chakula chote kimeharibika.
Ndimu ni ile ile. Aliyebadilika ni mchuzi."

Nikachora. Kweli:
mbali na saba ni tambarare kama Jangwani,
karibu na saba ni ukuta,
na mimi ukuta nilikuwa nimeupa mkono ule ule wa tambarare.

Tena, tangu tone linapoingia hadi sensa inapolionja
ni sekunde arobaini na tano za bomba.
Nilikuwa nasahihisha habari za jana,
nagombana na mtu aliyekwisha kuomba radhi njiani.

Saa nane usiku tukaanza upya.
Tuliisugua sensa kwa mswaki, ilikuwa imevaa koti la mafuta.
Ya tatu nikainyamazisha, kila povu liliitia hofu ya bure.
Ya pili nikaiambia ijumlishe polepole.
Ya kwanza nikaipa mikono miwili,
mzito kwa mbali, mwepesi kwa karibu.
Valvu kubwa ikalala. Ikabaki ile ndogo,
ikidondosha, ikisubiri, ikidondosha.

Kusubiri ndiko kulikonishinda.
Mara nne kidole changu kilirudi kwenye kitufe;
mara nne Restituta akanisogezea kikombe cha chai
ili mkono upate kazi.

Saa kumi umeme ukakatika.
Kidhibiti kina betri, pampu hazina:
kikakaa gizani kikihesabu deni
la dakika sita ambazo hakuna aliyekuwa kazini.
Umeme uliporudi kikalidai lote kwa mkupuo mmoja.
Tukapanda tena hadi tisa, nikitukana kimya kimya,
nikaandika sharti:
usimhesabie deni aliyefungwa mikono.

Alfajiri mstari haukunyooka.
Mtu akikuonyesha ulionyooka kabisa, muulize kama sensa iko hai.
Wetu ulitetemeka, sita nukta nane, saba nukta mbili,
kama mwali wa mshumaa kwenye chumba chenye watu.

Restituta akafungua daftari lake la miaka kumi na moja,
akaandika saa, akaandika: saba na kidogo.
Kisha akauliza Jumamosi nani atakuwepo,
maana siku hiyo wanaosha matangi ya manukato,
na yale maji, alisema akivaa kandambili,
hayana adabu.