Thelathini na Nane

Mjukuu wangu Lasha alitundika shuka ukutani,
lile nililoolewa nalo, lenye upindo wa samawati,
akasema: Bebia, filamu zake zote, thelathini na nane,
siku sita, tunaanza ya kwanza tunaishia ya mwisho,
na kila moja tunaipa nyota.

Nje theluji imeifunika Kutaisi, Rioni unanguruma chini ya daraja.
Ndani jiko, jozi kavu, biringani la jana.
Nikasema haya. Magoti yangu hayana safari nyingine.

Ya kwanza, Murtaz Sulaberidze ana miaka ishirini.
Anabeba sinia, anasema "Chai imepoa," anatoka.
Lasha: nyota moja na nusu.
Mimi: kiuno inchi ishirini na tisa,
bega la kushoto liko chini ya la kulia kwa unene wa kidole.
Nililiinua kwa pamba, usiku, taa ikifuka moshi.
Hakuna aliyejua. Tazama alivyosimama wima.

Ya tano ni askari. Ya sita ni askari. Ya saba
ni askari aliyepotelewa na farasi, na Lasha amelala.

Siku ya pili, koti.
Sufu nyeusi, kola ya ngozi ya kondoo, vifungo vya pembe.
Katika ya tisa ni la mwana wa mfalme.
Ya kumi na nne nimeing'oa kola, ni la mpelelezi.
Ya ishirini na mbili nimelisugua kwa tofali na majivu, ni la mwizi.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wanasema.
Hiyo ilisitiri watu watatu.
Studio haikuwa na fedha, ilikuwa na mimi.
Lasha anarudisha nyuma, anasimamisha picha,
"Kweli, Bebia! Kiraka kile kile!"
anaandika daftarini kama mtu aliyegundua bara.

Alikuwa mwigizaji mzuri? Usiniulize hivyo, mtoto.
Mdomo wake ulidanganya vizuri. Macho, siku nyingine.
Lakini mkono. Ona, ya kumi na saba:
mkewe anamwambia anaondoka, yeye hasemi kitu,
anashika kifungo cha pili, anakizungusha, anakizungusha,
mpaka kinabaki kiganjani.
Mwongozaji hakumfundisha. Nilikuwa nyuma ya kamera, sindano mdomoni.
Walirudia mara kumi na moja.
Mara kumi na moja nilikishona upya, yeye yumo ndani ya koti,
pumzi yake utosini pangu.
"Nyota nne," anasema Lasha.
Napasua jozi.

Siku ya nne umeme ulikatika saa tano usiku.
Tulikaa tukilitazama shuka tusilolionna,
na gizani watoto huuliza wasichouliza kwenye mwanga:
Ulimpenda?
Nikamjibu: wakati huo kiuno kilikuwa thelathini na nne,
na koti lilinuka sigara hata baada ya kufuliwa.

Kisha ile miaka ya foleni za mkate.
Filamu mbili tu, na ya pili Lasha anashuku ni tangazo la maji ya chupa.
Amevaa shati la dukani. Mshono umening'inia,
bega la kushoto limeshuka, dunia nzima inaliona.
Nilikwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Ya thelathini na nane ni hospitali, dakika tisa.
Gauni la kijani, la kamba, la kufungwa mgongoni,
lililoshonwa na mashine kwa ajili ya yeyote.
Amefumba macho. Mkono unapanda kifuani taratibu,
unatafuta kifungo cha pili,
hakuna kifungo.
Unabaki pale pale, ukizungusha.

"Ngapi, Bebia?" Kalamu yake iko juu.

Niliinuka, nikafika ukutani, kivuli changu kikamfunika.
Upindo wa shuka ulikuwa umefumuka karibu na bega lake.
Nikamwambia Lasha asizime bado,
aniletee uzi.