Sekunde Arubaini na Moja

Seva ya zahanati imo katika stoo ya vyandarua,
nyuma ya chumba cha chanjo, huku Langoni,
feni moja, nyaya zimefungwa kwa pindo la kanga.
Waliniambia: kanzidata imechoka, tutafutie mashine mpya.
Nikasema: kwanza tupime.

Nilipima usiku wa Jumapili.
Mji kimya, punda mmoja anajikuna ukutani.
Nikauliza swali, nikalirudia:
mara ya kwanza sekunde sita,
mara ya pili hata kope sijapepesa.
Nikatabasamu peke yangu, mjinga mimi.
Jibu la pili halikutafutwa, lilikuwa bado mdomoni,
kama mtoto aliyekariri sura, ukamsifu kwa kusoma.

Jumatatu, saa mbili, kliniki ya wajawazito.
Mabenchi yamejaa mpaka barazani.
Shekue, karani, anaandika "Mwana"
na nusu ya wanawake wa Lamu wanainuka:
Mwanahawa, Mwanatumu, Mwanakombo, Mwanaidi.
Nashika saa. Kumi. Ishirini. Thelathini.
Arubaini na moja.

"Mbona huandiki jina kamili?"
Akanitazama kama mgeni, nami ni mgeni.
"Jina kamili lipi? La cheti, la nyumbani,
au lile mumewe alilomwandikishia kwa haraka?
Mimi watu wangu nawajua kwa mtaa
na kwa jina la mama."

Kumbe.
Swali lilikuwa likipita nyumba kwa nyumba,
Mkomani hadi Wiyoni, safu elfu sitini,
likibisha kila mlango: ndiwe? Siye. Ndiwe?
Na yule mpanga njia aliye ndani ya injini
hakuwa mpumbavu; alikuwa na habari za kale.
Mara ya mwisho kuhesabu, siku ya ufunguzi,
watu walikuwa tisini.
Kwa watu tisini nani achore ramani?
Unapiga ukelele tu uani.

Nikamhesabia upya.
Nikajenga faharasa juu ya mtaa na jina la mama,
nikang'oa saba za mkandarasi wa kwanza;
hakuna swali lililowahi kuzipitia,
ila kila mtoto aliyezaliwa
aliandikwa mara saba katika vitabu visivyosomwa.
(Hata hii yangu ina bei. Ukitaka kusoma upesi,
utalipa kidogo wakati wa kuandika.)

Nikapima tena, safari hii kwa haki:
nikazima, nikawasha, nikangoja Jumatatu nyingine,
joto lile lile, mabenchi yale yale.
Shekue akaandika Wiyoni, akaandika Barka,
na faili likafunguka kidole kikiwa bado kwenye kitufe.
Milisekunde kumi na nane.

Mbele yake Mwanakhamisi, mimba ya miezi minane,
alikuwa ameshavua viatu, ameshaegemea,
ameshavuta pumzi ya mazungumzo.
Akapewa namba. Hakuondoka.
"Shekue," akasema, "mbona yeo huniulizi hali?"

Ndipo nikajua zilikuwa zikienda wapi.
Ndani ya zile arubaini na moja
mlikuwa na goti la mama mkwe,
paa linalovuja, kijana anayekwepa chuo,
na mara mbili, Shekue alinambia baadaye,
damu ambayo mtu alikuwa hataki kumtajia daktari.

Ripoti yangu ina safu mbili, kabla na baada.
Niliijaza pale pale, nikaitia sahihi.
Nilipofungua mlango wa stoo, saa tano haijafika,
foleni ilikuwa imekwisha, mabenchi matupu,
ila Shekue amegeuza kioo cha kompyuta upande,
na viatu vya Mwanakhamisi bado viko chini.
"Haya," anasema, "na lile goti?"