Sikio la Kushoto

Hombolo, mwisho wa Agosti. Upepo unapiga bati la ofisi,
kioo cha mizani kimejaa vumbi.
Sechelela ameleta kreti kumi na nne.
Kilo mia mbili themanini na tatu, zabibu nyeusi,
hakuna hata tunda moja lililopasuka.
Nimezipima mwenyewe. Nimeandika mwenyewe.

Shamba ni la marehemu mama yake, mistari saba
karibu na bwawa. Aliyepogoa ni yeye.
Aliyeamka alfajiri kupiga debe ndege wasishuke
ni yeye, kisha akawahi kuwaogesha wadogo zake
waende shule.

Malipo siku hizi ni kwa akaunti.
Akaunti ni kwa kitambulisho.
Kitambulisho ni kwa miaka kumi na minane.
Namwambia hivyo kupitia nondo za dirisha,
kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mwingine.

Anafungua mfuko wa nailoni, anatoa cheti cha kuzaliwa,
kimekunjwa mara nne, kona zimelainika kama kitambaa.
"Nimebakiza siku arobaini na moja, karani."

Zabibu haijui kuhesabu hadi arobaini na moja.
Siku ya tatu ndani ya kreti inaanza kunuka siki.

"Basi niandike mjomba wako," nasema. "Mwanachama ni yeye."
Hajibu. Anatazama ile karatasi.

Cheti hiki nakifahamu. Mwaka juzi
mwalimu mkuu alikiinua mbele ya mjomba huyohuyo,
ng'ombe sita wakiwa wameshafungwa nje,
akasema: someni hapa, huyu ni mtoto.
Ng'ombe wakarudi Zanka na vumbi lao.
Mstari uleule. Siku ile ulikuwa ukuta, akalala nyuma yake.
Leo bado ni ukuta, ila yeye yuko upande wa jua.

Nami je?
Mwaka wa kuandikishwa shule walitupanga uwanjani:
pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa,
shika sikio la kushoto.
Ilikuwa baada ya njaa. Mwili wangu wote
ulikuwa umekimbilia mikononi.
Nikashika. Nikaandikwa miaka saba; labda nilikuwa na mitano.
Tarehe mosi Januari, kama nusu ya darasa,
siku ya kuzaliwa ya watu ambao mama zao hawakuulizwa.
Kwa hesabu hiyo nilipiga kura nikiwa na kumi na sita,
nikapata leseni, nikaajiriwa, nikakabidhiwa mhuri huu.
Sikumwibia mtu. Nilikuta tu serikalini
kuna mtu mwenye jina langu, amenitangulia.

"Wewe ulifikisha lini?" ananiuliza,
kana kwamba nilikuwa nasema kwa sauti.
Naangalia mizani.

Ningeweza kumweleza kwamba sheria haiwezi
kumjua kila mtoto kwa jina,
kwamba kamba lazima ifungwe mahali fulani
na popote itakapofungwa
kuna atakayeisikia shingoni.
Ni kweli. Nimewahi kuisema mkutanoni, wakapiga makofi.
Lakini nyuma yake kwenye foleni yuko mzee Chilewa,
miaka sabini na moja, kreti mbili, nusu majani,
kitambulisho kinang'aa mfukoni mwa shati,
na hakuna atakayemuuliza
kama pesa atazifikisha nyumbani.

Naandika jina la mjomba.
Kalamu haikwami.

Anakunja cheti mara ya kwanza, ya pili,
ya tatu, ya nne. Hasemi neno, hata kwaheri.
Nje upepo unamvua mtandio
naye anaufunga tena huku anatembea:
mkono wa kulia unapita juu ya utosi,
vidole vinafika sikio la kushoto,
vinalipita,
vinaitafuta ncha ya kitambaa kule shingoni.