Sisimizi

Miaka miwili Chishugi alituambia
sisimizi wanamfuata chooni.
Miaka miwili niliandika kwenye faili, kwa wino wa bluu:
anaona visivyokuwepo.
Tukamwongezea vidonge.

Leo mafunzo, siku ya tatu. Mvua ya Bukavu
inapiga mabati, umeme umekwenda,
Mama Nsimire anatumulika kwa simu:
“Ninyi mnaojua kusikiliza kichwa,
lini mara ya mwisho mlimvua mtu soksi?”

Jioni nikamvua Chishugi.
Chini ya kidole gumba, kidonda
kipana kama kizibo cha soda,
kimekaa kimya, wala hakimuumi.
Nikamchoma kidole, tone moja.
Mashine ikawaza, ikawaza,
ikakataa kutaja namba.

Nikatoka na tochi hadi nyuma ya choo.
Walikuwepo.
Mstari mweusi, wenye subira,
ukipanda ukuta
hadi pale anapokojolea.

Nimefungua faili. Sikufuta kitu.
Chini ya wino wa bluu nimeandika:
wapo, nimewaona.
Samahani haina nafasi yake kwenye fomu hii.
Nimeibana pembeni.